Ujuzi Usio na Kibali

Idara ya Vitenzi vya Mitihani mjini Suva ilitangaza kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mtahiniwa atakayeruhusiwa kuelewa zaidi ya alivyoulizwa. "Taja" ni alama moja: sema jina, funga mdomo. "Eleza" ni tatu: toa sababu. "Tathmini" ni kumi: pima mema na mabaya, kisha utoe hukumu. Mkurugenzi Waisale Naqica aliusoma waraka wake mara mbili, akaona kwa haki kabisa kwamba taifa limepata bahati.

Mwalimu Asenaca akaja kutoka Labasa na karatasi ya mwanafunzi wake, Losana.

"Mzee, swali linasema taja kilichobomoa daraja. Mtoto kaandika mafuriko, kisha kaeleza jinsi miti iliyokatwa mlimani ilivyoyazidisha. Mmempa sifuri."

"Aliulizwa kutaja, akaeleza. Huo ni ujuzi usio na kibali."

"Lakini ni kweli."

"Ukweli hatukuuliza, mwalimu. Maliza kinywaji chako cha yaqona, usije ukaachwa na meli."

"Alama hiyo moja ndiyo imemkosesha chuo."

"Basi amejifunza kusoma swali."

Miezi mitatu baadaye mkataba wa Waisale ukafika ukingoni. Hakuwa na wasiwasi. Zulia jipya la ofisi alikwisha kuliagiza. Fomu ya kuomba tena cheo, aliyoibuni mwenyewe, ilisema: "Tathmini kazi yako." Akajaza kurasa nne: semina kumi na tisa, mabango mia tatu, vikombe vyenye nembo. Mabaya hakuyapima, kwa kuwa hakuyaona.

Jopo la kupima maombi liliketi kulizunguka bakuli la yaqona. Mwakilishi wa walimu alikuwa Asenaca.

"Mbili kati ya kumi," akasema. "Umetaja tu."

"Dada yangu, niulize sasa hivi. Nitapima mpaka mchoke wenyewe."

"Muda wa mtihani umekwisha, mzee."

Jioni barua ikamfikia, kwenye fomu nyingine aliyoibuni mwenyewe. Chini ya maneno "Taja sababu ya kumkataa mwombaji" paliandikwa neno moja: "Kina." Waisale akaumia kwelikweli. Miaka sita ya utumishi, neno moja! Akampigia Asenaca simu.

"Mwalimu, nifafanulie basi. Kina kimefanya nini? Kimepungua wapi?"



"Ningekueleza, mzee," Asenaca akasema kwa upole, "ila fomu yako ingetupa sifuri."