Sufuria ya Masika na Mtu Asiye na Historia

Leo nimeaibika mpaka simbilisi tunaowafuga jikoni wameona. Nawaandikia mapema, kabla watu wa Butembo hawajawatumia ninyi wa Beni habari zao za kuongeza chumvi. (Wakisema nilijificha chooni, ni uongo. Ilikuwa jikoni.)

Mnaujua mchezo wetu wa Jumapili baada ya misa. Tunakaa mezani, kila mmoja anakuwa mtu wa kubuni, mimi nasimulia dunia wanamotembea, na dadu zinaamua nani anavuka mto na nani anachukuliwa na maji. Mnaujua pia ugonjwa wangu. Nilisoma fasihi Kisangani, kwa hiyo siwezi kumruhusu mtu aingie mchezoni bila historia. Alizaliwa wapi? Anataka nini? Ni nini kinamtoa nyumbani? "Mhusika asiye na sababu," huwa nasema nikiinua kidole, "ni kiti kisicho na miguu." (Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.)

Shemeji yangu Kambale, muuza vipuri vya pikipiki, alinipa historia ndefu kuliko mahubiri. Mtu wake ni mwana wa mfalme. Wazazi wake waliuawa. Wazazi wa kambo nao waliuawa. Mbuzi pia. Anataka kisasi.

Adjudant Lokwa, askari kutoka Équateur aliyeletwa huku kikazi na kupanga chumba kwa jirani yetu, alikataa upanga niliompa.

"Bunduki niko nayo ku kazi, Mwalimu. Mutu yangu ni mulimaji. Alipanda mihogo. Anataka kuona ile mihogo inaiva mbele ya bamuhamishe."

"Basi? Hakuna kingine?"

"Ile tu. Lakini ile ni mingi."

Nikaufuta upanga daftarini. Nikaandika jembe.

Aliyenishinda ni Mama Kahindo. Alikimbia mashambulizi ya Eringeti na nguo alizovaa tu, sasa anaishi nyuma ya nyumba yetu na anauza maharagwe. Mke wangu, Masika, ndiye aliyemvuta mezani, kwa sababu ni mahali pekee tulipowahi kumsikia akicheka. Lakini kila nikimwuliza historia ya mtu wake, jibu ni lilelile: "Hana histoire, Mwalimu. Alianza leo." Wenzake wakienda milimani kupambana na mazimwi, mtu wake anabaki katika nyumba ya wageni, anamenya viazi. Nikambembeleza. Nikamsumbua. Jumapili iliyopita akasema kwa upole, "Kama ninabachelewesha, nitabakia kwangu."

Alipotoka, Masika alinitazama. "Baba Mumbere, ukimufukuza ule mama na maulizo yako, utajipikia."

Kwa hiyo leo nilikuja na mpango. Kama mtu wake hataki kutoka nyumba ya wageni, basi hatari imfuate humohumo! Kijiji cha mchezo kingeshambuliwa, na mimi ningemwona hatimaye mtu wa Mama Kahindo akiinuka kutoka kwenye viazi vyake. Nilihitaji kishindo tu.

Masika alikuwa bado parokiani kwenye mkutano wa akina mama. Mama yangu mzazi, ambaye wote humwita Koko, yaani bibi, na siku hizi hatembei bila kushikwa, alikuwa amelala chumbani. Nikawaambia wachezaji wanisubiri, nakwenda kutafuta maji ya kunywa. Nikajifunika blanketi (mimi ndiye zimwi), nikaingia jikoni nje, nikachukua ile sufuria kubwa ya Masika na mwiko. Nikapiga. Nilipiga kwa roho yote, kama mtu ambaye hatimaye shahada yake imepata kazi.

Sasa mnishangae. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nilikuwepo kwenye mkutano wa mtaa tulipokubaliana: ukiona washambuliaji, piga sufuria, ukiisikia ya mwenzako, piga yako, kisha toka. Niliunga mkono! Niliongeza hata neno la Kifaransa!

Nikasikia sufuria kwa jirani. Nikafikiri, mwangwi mzuri. Ikafuata nyingine juu ya barabara. Kisha filimbi. Kisha kilima cha ng'ambo kikaitika chote, na nyuma yake kilima kingine, masufuria, mabati, ndoo, mpaka bonde zima likawa linalia kama kitu kimoja chenye kifua kimoja. Jamani, nimeishi hapa maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kulisikia hivyo mchana kweupe. Ngozi ilinisisimka. Na katika kusisimka huko, badala ya kukumbuka ni nani aliyeanza, nilijiambia: Mungu wangu, bahati gani hii, wamevamia siku ileile!

Nikapiga mbizi chini ya meza ya jikoni, kwa simbilisi wa Masika. Blanketi, mwiko, sufuria, vyote pamoja nami. Simbilisi walipiga kelele. Nikawaomba wanyamaze. (Niliwaomba kwa adabu. Nilisema "tafadhali".)

Kupitia tundu la ukuta nikaona barabara inajaa. Wazee wenye fimbo, akina mama na masufuria yao, kijana mmoja na spana ya gari. Walikuwa wanakimbia kuja kwetu! Wanakuja mahali kelele ilipotokea, si kuikimbia. Wengine ni wageni waliofika juzi kutoka Kanyabayonga, hata jina langu hawalijui. Hakuna aliyesimama kuuliza mtu wangu anataka nini.

Langoni alisimama Adjudant, amevaa kandambili, ameshika jembe la Masika. Hakusogea hata hatua. Mwana wa mfalme, yaani Kambale, alikuwa amesharuka ua. Kilichobaki ni kiatu chake kimoja.

Kisha sauti ya chef d'avenue, mzee wetu wa mtaa: "Bako wapi? Nani alibaona?"

"Siye tulisikia ku kilima."

"Ku kilima tulisikia ku barabara!"

"Ku barabara tulisikia hapa. Hapa ku Mwalimu!"

Wote wakageukia nyumba yetu. Simbilisi mmoja, ambaye sitamsamehe, alichagua wakati huo kupiga kelele. Mlango ukafunguliwa. Mtaa mzima ukainama kunitazama: blanketi kichwani, mwiko mkononi, sufuria ya Masika kifuani, kitako chake kimebonyea.

"Mwalimu," akasema chef, "uko unapika nini?"

Masika alikuwa amefika mbio na akina mama wenzake. Aliitazama sufuria kabla ya kunitazama mimi. Kisha akauliza: "Na Koko iko wapi?"

Mama yangu! Nilikuwa nimemsahau mama yangu! Tukakimbilia chumbani. Kitanda kitupu.

Tuliwaona wakipanda kutoka njia ya mtoni. Mama Kahindo, mwembamba kama alivyo, na mama yangu mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto. Aliposikia sufuria hakuniuliza, hakumwuliza mtu. Aliingia chumbani, akambeba, akatoka. Akamweka chini taratibu mbele yangu, hata hahemi sana.

"Koko yenu ni mwepesi," akasema. "Yangu alikuwa munene. Toka Eringeti mpaka Oicha ku mugongo, na njia yote iko ananigombeza kama ninamutikisa."

Mama yangu akacheka. Halafu Mama Kahindo naye akacheka, na watu wote walioshika masufuria wakacheka. Mimi sikuweza. Nilibaki nimesimama na blanketi langu, nikimtazama kama mtu anayetazama mlima aliokuwa anapita chini yake kila siku.

Niliomba msamaha mbele ya wote. Chef akasema zoezi limefaulu, ila nikilirudia, kitakachopigwa si sufuria.

Walipotawanyika nilidhani Mama Kahindo atakwenda kwake na hatarudi. Akaingia, akaketi kwenye kiti chake, akavuta dadu.

"Mutu yangu anajua kubeba, Mwalimu. Ile ndiyo histoire yake. Basi, nani alikuwa anashambulia ile nyumba ya bageni?"

"Zimwi," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Lile la ku simbilisi?"

Akatupa dadu. Mtu wake akaweka chini kisu cha viazi, akatoka mlangoni.

Masika hajaongea nami tangu wakati huo, na chakula cha jioni najipikia, kwa sufuria iliyobonyea. Ninyi wa Beni chekeni, siwakatazi, ila chekeni chinichini. Huku kwetu ukianza wewe, kilima cha pili kinaitika.