Sita Yangu, Saba Yao

Jumamosi, 4 Mei

Binti yangu Shadha amemaliza sasa hivi kuilisha mkate inveta, mtambo wetu wa umeme wa jua. Kipande kwa kipande, kwenye matundu ya pembeni, huku akiiambia kula, kula, kama ninavyomwambia yeye. Miaka miwili tu, na ana huruma hivyo! Nimechokoa makombo kwa njiti ya kibiriti kabla bibi yake hajashuka.

Leo mayai yametimiza siku ya kumi na tano. Ishirini na manne, kwenye kasha la kadibodi, balbu moja, kibakuli cha maji. Zimebaki siku sita. Tangu niolewe nikaletwa nyumba hii ya Ibb, hiki ndicho kitu cha kwanza ninachoweza kukiita changu. Mume wangu Ghamdan, aliye kazini Marib, alicheka kwenye simu. Kisha akauliza kama vifaranga vitapewa majina. Nampenda.

Mama mkwe ametoa sharti. Sola ni ya nyumba nzima: friji yake huko juu, pampu ya maji, televisheni, na balbu yangu. Inveta ikizidiwa, vyote vinazimika. Ikizimika mara tatu kwa sababu yangu, kasha linatoka na mayai yanakaangwa. Alipofika kwenye kukaangwa alinitazama vizuri.

Na kuficha haiwezekani. Inveta ina kijiti cha antena. Ikipata hitilafu tu, inatuma habari kwenye simu: hitilafu gani, saa ngapi. Fundi alisema inatuma kwa waifai. Kwetu inatuma kwa wifi. Arwa, dada wa Ghamdan, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, ndiye mwenye hiyo simu. Mtambo mmbeya na wifi mmbeya, wamepatana!

Sikati tamaa. Siku sita ni nini?

Jumapili, 5 Mei

Saa nne asubuhi. Pampu inavuta maji, friji inanguruma. Inveta ikaanza kulia, pii, pii. Kwenye kioo chake, namba. Ukutani fundi alibandika karatasi ya namba na maana zake, kaziandika kwa mkono. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini namba nazijua. Kwenye kioo: sita. Kwenye karatasi: sita, umeme umezidi.

Umezidi! Nilifurahi mno. Jua lilikuwa kali, inveta imeshiba, masikini, inaomba msaada. Nikaisaidia. Nikachomeka pasi nikanyoosha nguo zote za Shadha, hata soksi.

Ikazimika. Nyumba nzima kimya. Shadha akapiga makofi.

Arwa hakuwepo hata nyumbani! Alikuwa darasani, na bado alimpigia mama yake simu kabla sijachomoa pasi. Mama mkwe akashuka akaniuliza nimefungua udobi lini. Nikafunika mayai kwa shali, nikaiwasha upya.

Moja.

Jumanne, 7 Mei

Nimegundua tatizo. Si umeme, ni mdomo. Inveta inapiga kelele mno. Isiposikika, nani atajua? Nikaizungushia blanketi langu zito la harusi, nikakaza kwa kamba. Kimya kizuri! Nilijiona fundi.

Alasiri wageni wa mama mkwe walikuja kutafuna mirungi. Televisheni iliwaka saa nzima. Ikakatika pale pale mwanamke wa kwenye tamthilia alipotaka kumtaja mwizi. Mbio chini! Kwenye kioo, mbili. Joto limezidi. Hiyo niliisoma sawasawa.

Arwa akasoma simu yake mbele ya wageni, kwa sauti ya mtangazaji. Akaniuliza inveta ina homa au imejifungua, maana nimeifunga kama mzazi. Wageni walicheka mpaka mirungi ikawatoka mdomoni. Mmoja alitaka kujua ni mvulana au msichana.

Mbili. Zimebaki siku tatu. Nimemfinya Arwa kwa moyo tu.

Jumatano, 8 Mei

Mpango mpya, wa akili zaidi. Antena! Nikaing'oa, nikaizika kwenye kopo la unga. Sasa iseme kitu tuone.

Ikasema. Dakika tano, Arwa kashuka pekupeku. Simu imemwandikia kwamba mtambo haupatikani, akadhani tumeibiwa. Kumbe inashtaki hata kunyamaza kwake!

Tukaitafuta antena. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote. Nikainua mito, nikalaani wezi. Shadha akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi mweupe kichwa hadi miguu, antena mkononi, anacheka.

Mama mkwe akasema hili si kosa la inveta, ni kosa la mkamwana, kwa hiyo halimo kwenye hesabu. Ana haki, yule mama.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya ishirini na moja!

Asubuhi mama mkwe alikuwa anasaga nyanya na pilipili kwa mashine, pampu inakwenda, friji inakwenda. Pii, pii. Sita tena! Umeme umezidi. Safari hii nilikuwa mwangalifu. Pasi, hapana. Nikachomeka birika tu.

Giza kwenye kasha. Tatu.

Mama mkwe akashuka mwenyewe. Nilikuwa sakafuni, mayai yote kwenye shali mapajani, Shadha ameyalalia nusu anayapulizia pumzi. Nikamwambia, mama, leo ndiyo siku yao. Akasema tulikubaliana. Akainama, akachukua yai la kwanza.

Yai likalia. Pii.

Akageuka kuitazama inveta. Imezimika, haina hata taa. Pii, tena, mkononi mwake. Akaliweka sikioni. Halafu akapaza sauti mpaka nikashtuka: Arwa achomoe friji, achomoe pampu, achomoe kila kilichochomekwa, na wageni wa leo watakunywa maji ya moto, hawatakufa!

Arwa akaiwasha. Balbu ikawaka. Akaniuliza birika la nini. Nikamweleza: sita, umeme umezidi. Ikabidi akae chini. Akacheka, akafuta macho, akanionyesha kwa kidole kioo na karatasi. Saba ya kwenye mitambo, ya kigeni, umbo lake ndilo la sita yetu sisi, ya Kiarabu, aliyoandika fundi. Saba yetu ni pembe mbili za mbuzi. Na saba kwenye karatasi: mzigo umezidi. Inveta ilikuwa inalia imeelemewa, mimi nazidi kuitwika! Akasema hata punda angekuwa amenipiga teke Jumapili. Ukiona sita hapo, dada yangu, soma saba.

Kumi na tisa wametoka. Mmoja mama mkwe kapanda naye juu, ndani ya mfuko wa gauni. Anadhani sikumwona.

Jumatatu, 13 Mei

Sasa nimeelewa, sikosei tena. Kanuni yenyewe nyepesi: namba ya mtambo, unaongeza moja.

Mama mkwe ameniruhusu mayai mengine ishirini. Nimeweka sitini. Makasha matatu, balbu tatu.

Mvua tangu jana, jua hatujaliona. Asubuhi hii inveta inalia, na kwenye kioo ni nne ya kigeni. Naijua, iko kwenye mlango wa zahanati. Ongeza moja: tano. Karatasi: tano, betri imejaa kupita kiasi. Mstari wa juu yake unasema nne, betri inakwisha, lakini huo hautuhusu.

Imevimbiwa, maskini! Nimechomeka pasi, birika, na kikausha nywele cha Arwa. Inalia kwa nguvu zaidi, nadhani ni furaha. Shadha anaucheza mlio wake. Mama mkwe ananiita kutoka juu, Raufa, we Raufa, mara ya tatu sasa, bila shaka ameona nilivyoisaidia na anataka kunipong