Maneno Sitini ya Mafanikio, Mji wa Dzērvaine

Kwa heshima na taadhima, na kwa mujibu wa Waraka Namba 14, natangaza kwamba mji wetu wa Dzērvaine ulifanikiwa rasmi tarehe mosi Oktoba, saa tatu asubuhi. Saini kwenye waraka ilikuwa yangu. Muhuri pia ulikuwa wangu, ila wino niliuazima maktaba.

Jina langu ni Ilgonis Plaudis, na wakati huo nilikuwa Mkuu wa Kitengo cha Msamiati wa Mafanikio. Kitengo kilikuwa na watumishi wawili: mimi, na ua la kwenye chungu tulilorithi kutoka Kitengo cha Tabasamu kilipovunjwa. Jukumu letu lilikuwa kukusanya maneno sitini ya Kiingereza yahusuyo mafanikio, kuyapa tafsiri ya Kilatvia, na kuhakikisha kila mtumishi wa manispaa anayajua, kuanzia mhasibu hadi mfagia theluji. Meya alikuwa amesikia huko Riga, mji mkuu wetu, kwamba miji iliyofanikiwa ina msamiati wake. Sisi hatukuwa nao. Ikaonekana kumbe hicho ndicho kilichotukwamisha miaka yote, wala si barabara.

Kuhusu sifa zangu, sipendi kujisifu, ingawa wakati ule ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa. Kiingereza changu nilikitoa Ireland, nilikochuma uyoga kwenye mabanda misimu miwili. Niliporudi nyumbani nikaandika kwenye wasifu wangu: "mtaalamu wa kimataifa". Hakuna aliyeniuliza mtaalamu wa nini.

Kutafsiri kwenyewe kulikwenda vizuri. "Success" tukaipa "panākumi", "achievement" tukaipa "sasniegums", na "outstanding", neno langu la moyoni, tukalipa "izcils", yaani mtu aliyewapita wenzake kwa mbali. Orodha nikaichapisha kwenye karatasi inayong'aa. Tatizo lilikuwa watu.

Maana kwetu mtu akiulizwa habari zake hujibu "normāli", yaani kawaida tu. Amepata mapacha, kawaida tu. Ameshinda medali, kawaida tu, ingeweza kuwa mbaya zaidi. Ukimwambia jirani kwamba mambo yako ni mazuri ajabu, atakwenda kwake, atarudi na bakuli la supu, na atakuuliza kwa upole daktari amesemaje. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyohivyo. Lakini sasa nilikuwa kiongozi, kwa hiyo nikaandika Kifungu cha 7: mtumishi yeyote atakayejibu "kawaida tu" akiulizwa habari ya kazi, mahali popote, atahesabiwa amefeli mtihani wa msamiati.

Nilikipenda mno kile kifungu, nikaongeza cha 8. Mtumishi akifeli atasimamishwa kazi na kurudia mtihani mara moja. Akifeli tena, aende zake. Lakini kiongozi harudii mtihani, kwa kuwa kiongozi hafeli. Kwa hicho cha 8 Meya alinishika mkono kwa mikono miwili.

Mtihani ulifanyika mwanzoni mwa Novemba, ofisini kwangu. Watahiniwa walikuwa arobaini na mmoja, mtahini alikuwa mimi. Utaratibu ulikuwa rahisi: unasomewa neno la Kiingereza, unatoa tafsiri, kisha unalitumia katika sentensi inayokuhusu wewe mwenyewe, kwa sauti na kwa tabasamu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Velta Sprūde, mama anayechochea boila ya kupasha shule joto, kwa miaka thelathini na moja sasa. Tunafahamiana. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikuwa nateremka chumbani kwake kukausha glavu zangu, na alikuwa ananipa mkate mweusi wenye siagi bila kuniuliza kwa nini siko darasani. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu.

"'Outstanding'," nikasoma.

"Izcils," akajibu papo hapo. Maneno yote sitini alikuwa ameyabandika kwenye mlango wa chumba cha boila, anayasoma huku anatupia kuni.

"Safi sana. Sasa sentensi inayokuhusu wewe."

Akatazama dirishani. Akatazama viatu vyake.

"Boila ni izcils," akasema.

"Bi Velta, boila haijasajiliwa kufanya mtihani."

"Lakini haijazimika wakati wa baridi hata siku moja. Miaka thelathini na moja!"

"Na nani aliyefanya isizimike?"

"Kuni. Zilikuwa kavu."

"Bi Velta, tafadhali. Sema 'mimi'. Mimi ni izcils. Basi, imekwisha, unakwenda zako."

"Ilgonis, mwanangu, maneno hayo nitayasemaje? Watu wakisikia si watanicheka hadi siku ya kunizika?"

"Haya, tuiache hiyo. Kazi inaendaje?"

"Kawaida tu."

Nikaandika: amefeli. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini kalamu iliandika vizuri.

"Yaani unanisimamisha kazi?" akauliza. "Nimebakiza miezi kumi na minne! Na kuni za msimu mzima nimeshapasua!"

"Si mimi, mama. Ni Kifungu."

"Na Kifungu kimeandikwa na nani?"

"Na Kitengo."

"Na Kitengo ni nani?"

Nikaliangalia ua.

Kufikia saa kumi jioni wote arobaini na mmoja walikuwa wamefeli. Mpishi wa shule alijaribu kweli: alisema mbaazi zake za nyama ya nguruwe "hazijamuua mtu". Mfagia theluji alitoa tafsiri zote sitini bila kosa, alipofika kwenye sentensi akaomba ruhusa ya kwenda haja, hakurudi. Niliwasimamisha wote, kisha nikaandika ripoti kwa Meya: "Asilimia mia moja ya walioshiriki walishiriki." Meya akaisoma akafurahi, akaipeleka Riga.

Theluji ikaanguka usiku uleule. Hakuna aliyeifagia. Maktaba ikafungwa, jiko la shule likafungwa, boila ikapoa kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, na watoto wakawa wanasoma hesabu ndani ya makoti. Wazazi wakaja ofisini kwangu wakiwa wamenuna. Niliwaeleza kwamba joto la kudumu hutoka ndani ya mtu. Mzazi mmoja akaniuliza kama anaweza kulitoa la kwangu kwa shoka.

Riga nako hawakulala. Walimtuma mkaguzi, Bi Rasma Krūkle, aje ashuhudie mtihani wa marudio katika ukumbi wa shule na aamue kama mpango wangu usambazwe nchi nzima. Nchi nzima! Nilikwenda kunyolewa kwa kinyozi. Kwa siku nne nilifanya mazoezi ya sentensi yangu mbele ya ua: "Mimi ni izcils, na Kitengo changu kimepata panākumi zisizo na kifani." Ua halikupinga.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa na nyuzi nne za joto. Velta alikaa mbele kabisa, kajifunga kitambaa chake cha kanisani, orodha mkononi. Nilipopita akanishika mkono wa koti.

"Nimejaribu mbele ya kioo wiki nzima," akaninong'oneza. "Nafika 'mimi ni', halafu kioo kinanitazama. Leo nisipoweza ndiyo basi, eti?"

"Ndiyo basi, mama."

Niliona aibu, sitaficha. Lakini nilikuwa nimevaa beji ya Mkuu wa Kitengo.

Bi Rasma akaingia na Meya, anapuliza viganja. Hakuvua kofia. Akanipa mkono mbele ya ukumbi mzima.

"Bwana Plaudis! Habari yako nimeisikia sana. Kazi inaendaje?"

Sentensi nilikuwa nayo, naapa. Ilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini meno yalikuwa yanagongana, watu arobaini na mmoja wa mji niliozaliwa walikuwa wananikodolea macho, na safu ya pili alikuwa amekaa mama yangu mzazi, aliyekuja kuniona. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kawaida tu," nikasema. "Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Mama yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwamba mtoto bado ana adabu.

Bi Rasma akafungua mkoba, akatoa Waraka Namba 14, akapekua taratibu kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Kifungu cha 7," akasema. "'Mahali popote.' Hiki umeandika wewe?"

"Kimeandikwa na Kitengo."

"Kitengo ndiye huyohuyo!" Velta akapaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Na cha 8," akaendelea Bi Rasma. "Kiongozi harudii mtihani."

"Kwa kuwa hafeli," nikamkumbusha.

"Na wewe umefeli."

"Nimefeli."

Nikamgeukia Meya anitetee. Meya alikuwa anakagua dari. Aliyefeli na harudii huenda zake, kwa hiyo beji nikaivua mwenyewe, ikaniwia shida kwa sababu pini ilikuwa imeganda.

Hapo tukagundua Kifungu cha 2, ambacho pia ni changu: mtahini ni Mkuu wa Kitengo peke yake. Mkuu hayupo, basi hakuna mtihani. Hakuna mtihani, hakuna aliyefeli. Wote arobaini na mmoja wakarudi kazini wakiwa wamekaa pale pale kwenye viti. Bi Rasma akauliza nani anajua kuwasha joto la jengo hili. Hakuna aliyenyoosha mkono. Velta aliinuka tu, akashuka ngazi, na baada ya saa moja mabomba yakaanza kugonga.

"Mama, kazi yako ni ya ajabu!" akasema Bi Rasma, kaegemea bomba, macho kayafumba.

"Kuni zilikuwa kavu," akasema Velta.

Mimi nikabaki bila kazi. Manispaa ilikuwa na nafasi moja tu, iliyokosa mwombaji kwa miaka miwili: msaidizi wa boila. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika barua ya maombi yenye kurasa tatu. Velta hakuisoma. Alinitazama juu hadi chini, akaniuliza kama glavu zangu bado nazilowesha, kisha akanionyesha shoka lilipo.

Mwezi wa pili muda wangu wa majaribio ukaisha, ikaletwa fomu ya kunitathmini. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, enzi zangu: ngazi kumi na tano za mafanikio, Kiingereza kushoto, Kilatvia kulia. Velta akaisoma yote, midomo inacheza. Kisha akachukua penseli, akazikata ngazi zote kumi na tano kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika neno moja.

Kawaida.

Nilisoma mara tatu. Wasaidizi wanne walionitangulia, wote nawajua, hakuna aliyewahi kusifiwa hivyo. Wa mwisho aliambiwa "anajitahidi". Macho yakanijaa, nikageukia ukutani.

"Unalia nini wewe?" akauliza.

"Moshi, mama."

"Moshi gani?" akasema Velta. "Boila yangu haitoi moshi."