Koti Langu Juu ya Jiwe

Jumapili, 3 Machi 2013

Nimeonewa. Tena mbele ya chama kizima cha wavuvi. Naandika nikiwa bado na hasira, chai imepoa, na mke wangu Spéciose amesema nisipoinywa ataimwaga.

Jana tulikuwa mtoni, Vaal, kwenye lile shamba ambako Pacifique alitengeneza pampu ya maji. Mwenye shamba alifurahi, akaturuhusu kuvua, sisi Warundi na Wakongo wa mtaa wa Bertrams, ila kwa masharti yake. Hakuna minyoo, nzi wa bandia tu, wa uzi na manyoya. Samaki ukimpata, unamrudisha majini. Na hakuna kusongamana: unatupa mshipi mara chache, unashuka hatua mbili, aliye nyuma yako anaingia pale ulipokuwa. Hivyo kila mtu anapitia mahali pazuri. Pacifique ndiye mwenyekiti wetu, na masharti hayo ameyashika kuliko hata ratiba ya kanisa lake.

Mahali pazuri ni Jiwe. Liko kwenye kona ya mto, bapa, maji yanazunguka chini yake, na samaki wa manjano hawabanduki hapo. Nilisimama juu yake. Nikatupa. Sikushuka. Nishuke niende wapi? Mimi ni mtu wa Rumonge, nimezaliwa ziwani. Nzi nawafunga mwenyewe kwa nywele za bandia za saluni ya mke wangu, na Johannesburg hii hakuna mwenye nzi kama wangu. Emery akaanza kukohoa nyuma yangu. Emery ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na hajui kufunga hata nzi mmoja. Alikohoa mpaka Pacifique akaja. Ikaamuliwa papo hapo: nikiganda tena kwenye Jiwe, natolewa chamani.

Wangengoja wiki nyingine basi. Alhamisi anakuja baba mkwe, Mzee Vénérand, kutoka Rumonge. Huyo ni mvuvi mwenye mitumbwi mitatu. Siku aliponipa binti yake alinishika mikono mbele ya watu, akasema ni laini mno. Miaka yote hii nimemwambia kwa simu kwamba Johannesburg kuna mto, kwenye mto kuna jiwe, na jiwe ni la mkwe wake. Jumamosi anataka kuliona.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nilikuwa kazini Fordsburg, nalinda maegesho ya magari sokoni, wazo likaja lenyewe. Mawazo yangu huja hivyo. Sijui wenzangu wanafanyaje.

Sisi wakimbizi tumejifunza nini katika nchi hii? Foleni. Ukienda kuhuisha makaratasi unaweka mfuko wako mstarini, au kiatu, hata tofali. Unaenda kunywa chai. Ukirudi, nafasi yako iko palepale, na aliyekuwa nyuma ya tofali bado yuko nyuma ya tofali. Hakuna anayegusa tofali la mwenzake. Ndiyo heshima yetu. Sasa kama tofali linapata heshima yote hiyo, koti je?

Mpango ni huu. Tukifika shambani, chama husali na kunywa chai langoni kwanza. Mimi nitatangulia kimya kimya. Nitasimamisha mti juu ya Jiwe, nitauvika koti, kofia na kichwa. Wakimwona kutoka mbali watadhani ni mgeni wa mwenye shamba, watapita mbali naye kwa adabu. Wakishapita, namwondoa, naingia mimi, baba mkwe ananitazama. Na sheria sijaivunja, kwa sababu aliyeganda hapo si mimi.

Kichwa kipo. Ni cha plastiki, cha saluni, Spéciose anakitumia kuwafundisha wasichana kusuka. Nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili zimetimka. Nimekiweka chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa mchele.

Alhamisi, 7 Machi

Baba mkwe amefika. Mrefu vilevile. Tulipopeana mikono aliukagua wangu, nimeona kwa macho yangu. Akala ugali kwa ndagala, dagaa wa kwetu ziwani, alioleta mwenyewe, halafu akauliza kama wavuvi ni wengi huko mtoni. Nikamjibu ni wengi, ila kwenye Jiwe hawathubutu. Akasema kwao mtu akishapata wa kumtosha humpisha mwenzake, na asiyepisha husemwa mpaka kwa wajukuu zake. Nikaitikia sana.

Mara hodi. Emery, na shati la kitenge alilomshonea mzee bila kumpima. Limemkaa sawasawa! Kujipendekeza huko. Akamwambia mzee kwamba mimi ni mkwe mzuri, nina tatizo dogo tu la kusimama. Mzee akauliza kama ni magoti. Nikabadilisha mazungumzo. Spéciose akauliza kichwa chake cha saluni kimekwenda wapi. Nikabadilisha mazungumzo tena.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa na nguo kavu. 

Asubuhi mambo yalikuwa sharp. Tulishuka kwenye bakki, ile pikapu ya Pacifique, wakaanza kusali, na Pacifique akisali huombea mpaka matairi. Nilikuwa na muda wa kutosha. Mti ukasimama barabara katika ufa wa Jiwe. Nikavisha koti langu la ulinzi, lile lenye mistari inayong'aa. Nikaweka kichwa, uso ukielekea majini, nikashusha kofia mpaka machoni. Nikarudi nyuma kutazama. Alisimama vizuri kuliko wengi chamani. Nikajificha kwenye matete, nikangoja wapite.

Hawakupita. Walipanga mstari nyuma ya Jiwe, wakangoja kwa adabu ashuke hatua mbili. Ndipo nikamsikia Emery akisema Didier, yaani mimi, ameanza tena.

Eish. Koti! Bertrams nzima inalijua lile koti. Nalivaa kazini, nalivaa dukani, nimebatizia mtoto nalo. Mimi wa kufikiria kila kitu, hilo sikulifikiria. Kwa hiyo nilikuwa juu ya Jiwe, nimegoma kushuka, na hapohapo nilikuwa kwenye matete, maji kiunoni, siwezi kutoka kwa sababu tayari niko pale.

Pacifique akamweleza mzee kwa upole kwamba wamenivumilia sana, na leo ndio mwisho. Mzee akauliza mkwe wake ni yupi. Wakamwonyesha. Akasema huenda sijawaona, acha anisalimie kwanza.

Hapo moyo ulinipasuka. Baba mkwe, mtu mzima, akatangulia yeye kunisalimia. Habari za asubuhi, mkwe wangu. Koti kimya. Akasalimia tena, kwa sauti. Kimya. Mtu unaweza kuwanyima wenzako nafasi, wakakusamehe. Lakini kutoitika salamu ya baba wa mke wako? Kwetu kwa hilo watu humchukua binti yao wakaondoka naye. Nikafungua mdomo niitike. Nikakumbuka kwamba sauti itatokea kwenye matete. Nikaufunga. Niliona aibu, nasema kweli, aibu ambayo sijawahi kuiona tangu siku ile ya kushikwa mikono. Mzee aligeuka, akatazama maji.

Emery akampa fimbo yake ya kuvulia ili ajitulize, akamwonyesha jinsi ya kutupa. Mzee amezoea nyavu. Aliuzungusha mshipi kwa mkono mzima, ukaruka juu, ukarudi, nzi akanasa kwenye kofia yangu na nywele zilizo chini yake. Mzee akavuta kwa nguvu ya mitumbwi mitatu. Kichwa kikang'oka.

Sijawahi kusikia wanaume wa kanisa wakilia vile. Pacifique alianza sala upya. Kichwa kikaelea, uso juu, misuko upande mmoja, mzee bado anakivuta na mkono hautetemeki. Wa kwanza kurudiwa na akili ni Emery, nani mwingine. Akatangaza kwamba sheria ni sheria, kilichovuliwa kirudishwe majini.

Kirudishwe? Kichwa cha Spéciose? Nilitoka kwenye matete nikipiga kelele wasikiachie. Nikakidaka kabla ya mkondo. Na palepale, maji mdomoni, nikaitika. Nzuri, Baba. Za kwako?

Jumapili, 10 Machi

Sijafukuzwa. Mzee ndiye aliyeniombea. Aliwaambia kwamba kwa muda alidhani ana mkwe mwenye kiburi, kumbe ana mkwe mjinga tu, na moyo wake umetulia. Maneno mazuri. Baadaye akapanda kwenye Jiwe, akatupa mara chache, akapata samaki wa manjano mkubwa. Akamtazama, akamrudisha, akashuka hatua mbili bila kuambiwa. Wakampigia makofi. Mimi nimewekwa wa mwisho mstarini mpaka msimu uishe.

Spéciose hasemi nami ila kupitia kwa baba yake. Kichwa kimekauka lakini kimevimba shavu, na wasichana wa saluni wanakiogopa.

Nimelitafakari jambo lote kwa unyenyekevu, na nimeona nimeshinda. Kwanza, wa mwisho mstarini ndiye anayelinda migongo ya wote. Hawakumpa fundi cherehani, wamempa mlinzi. Pili, chama kizima kilisimama nyuma ya koti langu, na hakuna aliyethubutu kulisukuma. Koti tupu! Wazo lilikuwa safi kabisa. Kosa lilikuwa la koti.

Leo baada ya ibada Pacifique ametangaza kwamba Mzee Vénérand, kwa heshima ya umri wake, akiwa juu ya Jiwe atashuka anapopenda mwenyewe. Wote wakasema amina, Emery kwa sauti kuliko wote. Hawajui kwamba Jumamosi ijayo mzee hatakuja mtoni; atakuwa Marshalltown kwa binamu yake.

Koti lake la mvua linaning'inia hapa mlangoni. Refu, jeusi, alilivaa jana mtoni, tayari kila mtu analijua. Nimelijaribu kwenye mti ule ule niliorudi nao, limekaa vizuri sana. Na safari hii nitajificha karibu zaidi, ili mtu akisalimia, niitike.