Panya Wangu Hawakondi

Jumatatu, 3 Machi
Utafiti umeanza. Panya weupe, makundi mawili. Wangu wanadungwa dawa iitwayo steroidi tu. Wa shemeji yangu, mwenzangu kazini, wanadungwa steroidi hiyo hiyo, kisha wanatiliwa antioksidanti, dawa ya kinga, kwenye maji. Daktari mwenye utafiti alieleza sababu kirefu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilichoshika: Ijumaa ya wiki ijayo panya watapimwa uzito, na siku hiyo atateua msimamizi wa chumba cha wanyama. Mama mkwe nimeshamwambia ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Wangu wamekonda! Wa shemeji wananawiri kama mabwana harusi. Huyu ni mdogo wa mke wangu, kazi nilimtafutia mimi. Leo kanipita na ndoo, kaniuliza eti shemeji, hao unawafuga au wamefunga? Wahenga walisema tumfadhili mbuzi. Sikusikia.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango! Siagi ya karanga asubuhi, yai la kuchemsha mchana, mkate wa maziwa jioni. Mke kauliza mayai yanakwenda wapi. Nikasema nakula mimi. Akanitazama juu mpaka chini, akasema basi yanaona aibu kuonekana mwilini.

Jumanne, 11 Machi
Maajabu! Mmoja, nimembatiza Mheshimiwa, hapiti tena kwenye mlango wa kizimba. Nimemvuta kwa mikono miwili. Shemeji kaja kuchungulia, kaondoka kimya. Kimya kitamu kuliko asali.

Ijumaa, 14 Machi
Nilivaa tai. Daktari akawapima wangu. Akawapima tena. Akaagiza mzani mwingine. Akakaa chini. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, iwapo najua kwa nini wangu hawakupewa antioksidanti. Nikajibu kwa fahari: ni upendeleo, Daktari, lakini tumeushinda.

Kumbe kukonda ndiyo ilikuwa kazi yao! Steroidi iwakondeshe wangu, ili ionekane kama antioksidanti imewaokoa wa shemeji. Sasa utafiti mzima unaonyesha dawa bora ni kutopewa dawa. Mheshimiwa alikuwa amelala juu ya mzani, anakoroma.

Usimamizi kapewa shemeji. Mama mkwe akapiga simu kunipongeza. Nikampa shemeji, mwanawe, aongee naye. Baadaye mama mkwe akanifariji: baba, usinune, cheo hakijatoka nje ya familia.

Jumatatu, 17 Machi
Nimehamishiwa utafiti mwingine. Panya wangu wapya wanapewa dawa ya kusahaulisha, kisha wanaachwa kwenye vichochoro vya mbao watafute mlango. Daktari kanieleza mara tatu, kaniambia nirudie kama mtoto wa chekechea: wakipotea, waache wapotee. Nimerudia bila kosa.

Alasiri tukajaribu wa kwanza. Akagonga ukuta. Akageuka, akagonga ule ule. Msimamizi alikuwa mlangoni, kajishika mbavu, anauliza kama panya wangu huwa wanamfuata mwenyewe kwa akili.

Hapana. Hiyo hapana.

Kesho nawahi kabla yake. Siagi ya karanga imebaki nusu kopo. Nitapaka mstari mwembamba tu vichochoroni, hadi mlangoni.