Pijo ya Usukani wa Kushoto

Jumapili, 10 Agosti 2025

Imefika! Pijo imeingia mtaani kwetu Likombe saa tisa alasiri, fundi Rajabu akiiendesha kutoka Nanyamba. Ilikaa ghalani miaka kumi na minne kati ya magunia ya korosho na mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho. Inanuka salfa. Sijali. Ni ileile niliyoiona ikishushwa bandarini nikiwa karani kijana, gari la mhandisi mmoja Mzungu, sasa langu. Ndiyo iliyotupeleka kanisani kufunga ndoa, mimi na mke wangu Theresia, mwaka 1989. Usukani uko kushoto, kama kwao.

Theresia ametutoka, huu mwaka wa tatu. Binti yetu Glory anaolewa Jumamosi, na Jumatatu anahamia Dodoma na mumewe. Nataka kitu kimoja tu: nimpeleke kanisani mwenyewe, kwa gari lililompeleka mama yake.

Lakini shemeji yangu Danieli! Mdogo wa marehemu, mjomba wa Glory, mwenyekiti wa kamati ya harusi, mwenye gari aina ya Noah. Keshaiandika Noah yake kwenye ratiba, kwa kalamu nyekundu. Nimepinga. Akasema kamati itaamua Alhamisi, baada ya yeye kupanda Pijo na kuona kama naweza. Kama naweza! Nimeendesha Korola miaka ishirini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua mlango, nimeketi, nimefunga mkanda. Usukani hakuna. Jirani yangu Zuhura, anayekaanga mihogo mbele ya nyumba, akauliza kama namsubiri dereva. Nikamjibu nakijaribu kiti.

Nikahamia kushoto. Mkono wa kushoto unatafuta gia, unakuta mlango. Nimeshusha kioo mara sita nikitafuta gia ya pili. Mara ya saba nimefungua mlango kabisa, na gari linakwenda. Rajabu kando yangu akaanza kusoma dua. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mkristo. Akasema dua ni ya kwake.

Jumanne, 12 Agosti

Leo peke yangu. Nilikuwa naenda sokoni. Nimeishia Mtawanya. Mbele lori la mchanga, na ukiwa huku kushoto huoni kitu ila lori. Kupita siwezi. Likakata kona, nikakata. Likaingia kiwanja cha ujenzi, nikaingia. Mafundi wakasimama kunisalimia, wakidhani mwenye nyumba kaja kukagua. Basi nikakagua. Nimewaambia ukuta wa jikoni umepinda.

Kurudi, jambo jingine. Dereva wa kushoto yuko bega kwa bega na waenda kwa miguu. Huwezi kujifanya hukumwona mtu. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, salama, mpaka koo limekauka. Bibi mmoja akanisimamisha akauliza yuko wapi yule mama aliyekuwa anampungia mkono kila siku. Nikamwambia. Akaushika mlango. Akasema marehemu hakupita hata siku moja bila kumwuliza hali ya goti lake.

Na mimi nilikuwepo! Miaka ishirini kwenye Korola, ubavuni kwake, nikiangalia mashimo. Sikuwahi kumwona huyo bibi. Nimelia njia nzima. Zuhura aliponiuliza macho yana nini, nimesingizia salfa.

Alhamisi, 14 Agosti

Mtihani. Danieli kaja na suti, kakaa mbele kulia. Nakiri, macho yake yalinifaa. Yeye ndiye anayeona kule mbele, anasema bado, bado, sasa. Tumepita bajaji mbili na baiskeli.

Lakini watu! Wote wanampongeza yeye kwa gari. Naye anapunga mkono! Trafiki akatusimamisha, akaenda dirisha la kulia, akamwomba leseni. Danieli akatoa yake! Trafiki akaisoma, akamrudishia kwa heshima, akaniinamia akasema mzee abiria nifunge mkanda. Usukani nimeushika mimi!

Kamati imeikubali Pijo. Sharti: Danieli akae mbele kulia. Glory kafurahi. Mimi roho imeniuma. Kanisa zima lione kwamba mjomba ndiye aliyemleta? Haiwezekani. Nina mpango.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango ulikwenda vizuri mno. Asubuhi nilimwambia Danieli kwamba wapiga matarumbeta wamepotelea Mikindani. Akaruka kwenye Noah kwenda kuwatafuta. Walikuwa kanisani tangu saa moja.

Tukaondoka: mimi mbele, Glory na msimamizi wake Lucy nyuma. Mchungaji alikuwa na harusi tatu na alishatuonya, anayechelewa anakwenda mwisho wa foleni. Yetu saa nne.

Kumbe kuna trekta. Trekta na tela la makuti, pana kama barabara yenyewe. Dakika kumi nyuma yake. Dakika ishirini. Glory akauliza mjomba yuko wapi. Nikajiumauma, mwishowe nikasema kweli. Akakasirika mwanangu! Akasema siku hii si yangu wala ya mjomba, ni yake. Kisha akaniamuru nisimame.

Akahamia mbele kulia, na gauni lake lote. Gia ya tatu nimeitafuta ndani ya lesi. Akatoa kichwa dirishani, shela inapepea. Bado, baba. Bado. Sasa! Tukapita! Sauti ya Theresia kabisa.

Pale njia panda alisimama trafiki yuleyule. Akaona bibi harusi, upande wa dereva, mbio. Akasahau kutusimamisha, akapiga saluti. Kanisani kina mama wakapiga vigelegele mpaka mmoja akadondosha kanga: bibi harusi kajileta mwenyewe! Mimi hakuna aliyeniona. Saa nne kasoro dakika mbili.

Mlangoni Glory akanishika mkono. Akasema mama angecheka mpaka akae chini. Danieli alifika saa nne na nusu, jasho tupu, hakunisalimia.

Jumatatu, 18 Agosti

Glory kaondoka na basi la alfajiri. Kaniapisha nisiendeshe Pijo bila mtu kiti cha kulia. Nimeapa. Danieli, pamoja na yote, kaja kujitolea. Nikamwambia kiti kina mwenyewe.

Nyumba kimya mno. Saa tano nikatoka peke yangu, barabara ya Nanyamba. Mbele pikapu ya mbuzi. Nikauliza kwa sauti: nipite? Nikasubiri. Kilometa nne nimesubiri, nikijua hakuna wa kunijibu. Kisha nikajijibu mwenyewe: sasa!

Haikuwa sasa. Basi lilikuwa linakuja. Niko shambani kwa mzee Selemani. Mimi mzima, Pijo nzima, mihogo imelala. Selemani alikuja mbio, akafungua mlango wa kulia amwokoe dereva. Hayupo! Akaanza kumtafuta kwenye mihogo, akiita. Nilimwacha atafute kidogo, maana nilikuwa nafuta machozi.

Glory amepiga simu, wamefika Nangurukuru. Akauliza kama nimepumzika. Nimemwambia nimepumzika, niko shamba, hewa nzuri. Akasema keshaanza kunikumbuka.

Rajabu anakuja kuivuta kesho. Jumamosi nakwenda Dodoma na Pijo, peke yangu. Nikiondoka mapema, njiani hakutakuwa na magari.