Faili la Mama Mkwe Limo Humu Humu

Jumatatu, 3 Machi

Siku nyeusi. Mkuu wa ofisi ametukusanya asubuhi na kutangaza kwamba mafaili yote ya viwanja yataingizwa kwenye kompyuta. Mwananchi atakuja, atakaa mbele ya mashine pale ukumbini, ataandika jina lake, ramani ya kiwanja chake itatokea. Mwenyewe! Bila kumwona mtu!

Mtu huyo ni mimi. Miaka ishirini na miwili masijala. Sijawahi kula rushwa hata ya pipi. Mimi nakula heshima tu. Anayetaka faili huniamkia shikamoo mara tatu, hata aliyenizidi umri. Namwambia nitajaribu. Naingia ndani, nakaa robo saa, ingawa faili lilikuwa machoni pangu tangu alipofungua mdomo. Natoka najifuta jasho. Huo ndio utaratibu. Sasa wanataka kuniua njaa.

Mtaalamu waliyemleta ni mama wa makamo, miwani imefungwa kamba. Amepiga chafya saba kabla hajafika rafu ya pili. Nimemwita Bi Chafya. Kimoyomoyo, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Bi Chafya kashindwa na vumbi. Amehamia chumba cha pili na mashine zake, na kazi ya kuskani mafaili kanikabidhi mimi. Kila faili niliandikie jina la mwenyewe, namba ya kiwanja na mtaa. Amerudia mara mbili, kana kwamba mimi ni wa jana.

Nimefikiri wakati wa chai. Kompyuta hutafuta kwa jina tu, kama lilivyoandikwa. Sasa nikiandika jina ninalolijua mimi peke yangu, nani atalipata faili? Mimi. Watamrudia nani? Mimi! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zilisimama.

Nimeanza palepale. Yule seremala anayebisha hata akikubaliwa: Mbishi wa Bure. Mjane wa mtaa wa nyuma, anayejipaka wanja kuja kuuliza habari za mpaka: Mzuri wa Zamani. Mkuu mwenyewe, ambaye ana kiwanja kule mlimani: Tumbo Mbele. Mafaili hamsini kabla ya kufunga ofisi. Bi Chafya alichungulia, kitambaa puani, akanisifu kwa kasi yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mia nne na kumi! Kazi imekwisha siku mbili kabla ya wakati. Karatasi zimetiwa masandukuni, masanduku yamefungwa, lori limeyapeleka ghalani nje ya mji. Mkuu alinishika mkono mbele ya watu wote. Ijumaa ukumbi unafunguliwa kwa wananchi. Nawasubiri.

Jioni mke wangu alikuwa na jipya. Jirani wa mama yake amejenga ukuta, na ukuta umemeza jiko la mama. Shauri litasikilizwa Ijumaa hiyohiyo, saa tano, na inatakiwa ramani iliyomo ndani ya faili lake. Bila ramani jiko limekwenda. Na mama asiye na jiko, mke wangu amesema huku akinitazama usoni, atahamia kwetu. Chumba cha mbele. Moja kwa moja.

Nikacheka. Nikamuuliza kwani mkwe wa mama ni nani katika mji huu. Kesho saa mbili na dakika moja ramani itakuwa mkononi mwangu.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili na dakika moja. Sikumbuki nilimwitaje.

Faili nililiskani, hilo nina hakika, nakumbuka hata doa la mafuta kwenye jalada. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula. Jana yake mama mkwe alikuwa amenisema mbele ya wanangu kuhusu shati langu, kwa hiyo jina halikuwa zuri. Nimejaribu Kisirani. Hakuna. Mkaguzi. Hakuna. Mwiba. Yamekuja mafaili manne, lake halimo. (Ni akina nani hawa wote?) Nimejaribu Malkia, Pilipili, Jenerali, Ole Wangu. Mpaka saa tisa. Kila mara mashine inajibu kwa adabu kwamba hakuna kilichopatikana. Adabu yenyewe inatia hasira.

Mke wangu ameniuliza imekuwaje. Nimemwambia mtandao unasumbua.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda ghalani. Masanduku yamepangwa hadi darini, mlango una kufuli, ufunguo anao Bi Chafya. Nikamwomba mlinzi anisaidie kwa namna yoyote. Nikamwamkia shikamoo, mara tatu, na umri wake ni sawa na mwanangu wa kwanza. Akaitika zote. Hakufungua.

Njia ya haki ipo moja. Bi Chafya anaweza kuchapa orodha ya majina yote, yeye tu. Lakini akiichapa ataisoma. Nimesimama mlangoni pake mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Akanipa kidonge. Nikameza, ningefanyaje?

Jioni mama mkwe kaja na begi. Amesema amekuja kulala siku moja tu, ili kesho twende ofisini pamoja. Begi la kulala siku moja halina sufuria ndani. Nimezisikia zikigongana.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne. Naandika nikiwa nimejifungia chooni.

Ukumbi ulijaa tangu asubuhi. Watu wanaandika majina yao, hakuna kinachotokea, wanaanza kunung'unika. Hapo ndipo nilipopanga kujitokeza. Mama mkwe akanitangulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Chafya, akamwita "mwanangu", akamwomba ampatie orodha yote aitazame mwenyewe. Bi Chafya akaichapa. Mama mkwe akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti, jina baada ya jina, mbele ya watu arobaini. Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Ajabu ni kwamba watu walijitambua! Aliposoma Mbishi wa Bure walinyanyuka watatu, kila mmoja akidai ni yeye, na seremala akabisha mpaka wakatenganishwa. Mzuri wa Zamani aliitika mjane, halafu akauliza hiyo zamani imetoka wapi. Ikaja zamu ya Tumbo Mbele. Wote waligeuka kumtazama Mkuu. Mkuu akajaribu kufunga kifungo cha koti. Hakikufika.

Kisha mama mkwe akasoma Redio Isiyozimwa. Akanyamaza. Mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Halafu akasema, polepole, "Hili langu. Lifungue, mwanangu." Ramani ikatokea, na jiko liko ndani ya mpaka wake, wazi kabisa. Nikakimbilia huku.

Jioni. Ameshinda shauri. Ukuta utabomolewa. Nimemuuliza mke wangu mama yake alijuaje. Kumbe jina hilo nalisema usingizini miaka yote, na ukuta wa chumba cha mbele, anakolala mama akija, ni mwembamba. Alipoondoka na begi lake alinishukuru kwa kuitunza ramani. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 17 Machi

Adhabu imetoka. Bi Chafya, kwa barakoa, amekesha ghalani mwisho wa wiki akirekebisha majina yote. Mimi nimetolewa masijala. Nimewekwa ukumbini, kiti cha plastiki kando ya mashine, niwaonyeshe wananchi namna ya kutafuta. Nimeandika barua ya kukiri kosa. Nimeahidi kubadilika. Nilimaanisha, mpaka kama saa nne hivi.

Wanakuja, wanaandika, wanapata, wanakwenda. Dakika mbili! Hakuna shikamoo. Hakuna wa kumwambia nitajaribu. Mama mmoja alinipa mwavuli wake nimshikie, akapata ramani yake, akauchukua bila hata kunitazama. Iliniuma, sisemi uongo. Miaka ishirini na miwili, leo mimi ni msumari wa kutundikia miavuli.

Saa saba, ukumbi ulipokuwa mtupu, nikaiwekea mashine neno la siri. Kwa usalama, nikiulizwa. Kufika saa nane foleni iko mlangoni. Nimehesabu shikamoo tisa! Mmoja aliniita mzee wetu. Nikawaambia nitajaribu, warudi kesho asubuhi. Wakanishukuru.

Mkuu alipopita akaniambia, bila kunitazama, kwamba kesho saa mbili anakuja na wakubwa kutoka makao makuu kuionyesha mashine. Waje tu. Nitaifungua mbele yao kwa kidole kimoja. Neno lenyewe ni gumu, hakuna wa kulikisia. Sijaliandika popote, hata humu. La nini? Ninalo kichwani. Linaanza na K, kama sikosei.